Bunduki ya Mtu wa Mashoto

Nianze na aibu yenyewe tumalizane nayo. Mimi ndiye yule karani wa kituo cha majani chai aliyelipiga tangi la maji risasi siku ya kumbukumbu ya babake, mbele ya mchungaji, chifu, na kwaya ya akina mama iliyokuwa imevaa sare mpya kwa mara ya kwanza. Kama ulisimuliwa ukiwa Roret, ulisimuliwa vibaya, maana kule wanasema nilipiga ng'ombe. Sikupiga ng'ombe. Ng'ombe angekuwa nafuu.

Ukiniona utashangaa niliingiaje mambo ya bunduki. Mimi ni mtu mfupi, navaa miwani, na kazi yangu hapa Kiptere ni kupima majani na kubishana na wakulima kuhusu majani yaliyolowa mvua. Bunduki ilikuwa ya baba, na hadithi yake lazima niieleze kidogo la sivyo mtanicheka kwa sababu isiyo yenyewe.

Baba alikuwa mrefu, na alikuwa mtu wa mashoto. Siku hizi hilo si jambo, lakini utotoni mwake mkono wa kushoto ulichapwa shuleni mpaka ukajificha wenyewe, akaandika kwa kulia, akala kwa kulia, akasalimia watu kwa kulia, na kila alichokishika kwa mkono huo alikishika kama cha kuazima (mwandiko wake ulikuwa mbaya mpaka barua alizoandika akiwa kazini mama alikuwa anampelekea mwalimu amsomee, na mwalimu naye anakisia). Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye klabu ya mameneja wa mashamba ya chai, kurusha zile sahani za udongo ambazo wazungu walikuwa wanazipiga zikiwa hewani siku ya Jumamosi. Sasa kulikuwa na meneja mmoja, naye wa mashoto, ambaye alipokuwa anarudi kwao aliitoa bunduki yake iwe zawadi ya mashindano ya mwisho, na wenzake wakiwa wameshakunywa wakasema kwa utani hata huyu mrusha sahani ajaribu. Wakampa hiyohiyo. Baba akaiweka kwenye bega la kushoto, na alivyokuwa anatuambia, kwa mara ya kwanza maishani mwake kitu kilimkaa. Hakukosa sahani hata moja. Utani ukaisha, meneja akatimiza ahadi, na mrusha sahani akarudi nyumbani miezi michache baadaye na leseni na bunduki ambayo hata chifu wa wakati huo hakuwa nayo.

Ilikuwa na mitutu miwili, na ndege wadogo wamechorwa kwenye chuma. Lakini uzuri wake ulikuwa kwenye kitako, mbao ya kahawia ya mti usioota kwetu, iliyopindwa kidogo upande na kuchongwa ili shavu la kushoto lilale pale. Na shavu la baba lililala pale miaka zaidi ya thelathini, na mama akawa anakipaka kitako samli kila mwisho wa mwaka, mpaka pakawa na kibonde kidogo laini, cheusi kuliko mbao nyingine, ambacho ukikigusa unajua kabisa uso wa nani ulikuwa hapo.

Hakuua nayo kitu cha maana. Alitisha tumbili wa mahindi, basi. Ila kila Desemba vijana wa kijiji walipotoka jandoni, baba alisimama nyuma ya nyumba akapiga mbili hewani, na kati ya ya kwanza na ya pili alingoja pumzi moja, hakuwahi kuharakisha. Mama akiwa jikoni anasema, "Hiyo moja." Anangoja. "Na hiyo ya pili." Ndipo mwiko unarudi kwenye ugali.

Baba alipofariki, bunduki ikapelekwa kituo cha polisi ikae huko mpaka mrithi apate leseni, na mrithi ni mimi, mtoto wa kiume pekee. Ilichukua muda mrefu na safari nyingi. Siku niliyoitoa nilishuka nayo chini kwenye shamba la mahindi peke yangu, tumbili wakanitazama, nikaiweka bega la kulia kama watu wote, nikapiga.

Sitaki kuongeza chumvi. Kitako kilichopindwa kwa ajili ya mtu wa kushoto, ukikiweka kulia kinakuja moja kwa moja usoni. Niliona nyota mchana. Nikajaribu kushoto, lakini jicho langu la kushoto ndilo bovu, na mkono wenyewe hata kuchana nywele haujui. Nikarudi kulia, nikapigwa tena palepale. Tumbili hawakukimbia hata, walikaa wakinitazama kama watu waliolipa kiingilio.

Nilipopanda nyumbani shavu limefura, nikasema ni jino. Mama akanichemshia majani ya kusukutua. Kesho yake kituoni akina mama wanaoleta majani wakaniombea, mmoja akaniletea dawa ya kienyeji chungu sana, nami nikainywa yote nikamshukuru, kwa jino lisilouma. Mtaniuliza kwa nini sikusema ukweli. Ndugu zangu, mnajua tulivyolelewa. Sisi tulitolewa jandoni tumeambiwa mwanaume akiumia hata kope haichezi, na aliyecheza kope wanajulikana yeye na watoto wake. Sasa niwaambie watu wa Kiptere kwamba bunduki ya baba, ambayo baba aliishika kama mtu anavyoshika mtoto mchanga, inanigonga mpaka nalia? Nikanyamaza. Na kila nilipoipiga, nikawa na jino.

Basi ikakaa kwenye sanduku lake la chuma, na mimi nikaanza kufikiria kuiuza. Nilifikiria mwaka mzima. Asubuhi nasema nitaiuza, jioni nasema mtu hauzi baba yake. Nikifungua sanduku naona kama inamtafuta mtu mwingine nyuma yangu, na hilo liliniuma kuliko shavu, nawaambia wazi. Mtu kurithi kitu kizuri namna ile halafu kikukatae, ni kama umeambiwa kuna kosa lilifanyika siku ulipozaliwa.

Halafu akapiga simu Mwalimu Rono, mwalimu mkuu mstaafu wa kule Kipkelion, mwenye leseni yake, mtu ambaye bado anashindana kupiga sahani. Alimfahamu baba.

"Nimesikia unataka kuachilia ile bunduki ya mzee," akasema. "Mimi niko tayari, tutafuata mambo ya leseni vizuri. Lakini tafadhali, usiiguse. Usisafishe, usipake vanishi, usifanye anything. Nitaichukua vile iko."

Mimi nikafikiri ni ule ujanja wa mnunuzi wa kutaka kitu kikiwa na vumbi ili apunguze bei. Nikamwalika aje siku ya kumbukumbu ya baba, tungekuwa tunafungua jiwe la kaburi, wiki tatu mbele.

Jioni nikaenda kumwambia mama. Mama macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na kivuli tu, kwa hivyo ukiongea naye anaelekeza sikio, si uso. Nikamweleza yote isipokuwa la shavu. Akapapasa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, alichokuwa anakisafisha.

"Ni yako, weri," akasema, na mjue kwamba hata nikiwa na mvi ataniita weri, yaani kijana wake. "Uza kama umeamua. Lakini kabla haijaenda nataka kuisikia. Mara moja tu. Mbili, vile alikuwa anapiga."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, wala si bei wala nini. Mama yangu alitaka kumsikia mumewe mara ya mwisho, na sauti hiyo ilikuwa mikononi mwangu.

Mtu mwenye akili angemwomba Mwalimu Rono apige. Nilifikiria hilo, siwadanganyi. Nikaona picha yake, mgeni amesimama kando ya kaburi la baba akipiga bunduki ya baba, na mimi mwana wa pekee nimesimama na akina mama nimeshika sahani ya wali. Nikasema hapana. Nitapiga mwenyewe, na nitapiga bila kucheza kope, na ili nisicheze kope kitako hiki lazima kinikae. Uamuzi mdogo, nilioufanya nikioga. Mengine yote yalitoka hapo.

Nikafungua skrubu, nikatoa kitako peke yake (nisikilizwe hapo, sikuzunguka Roret na bunduki, nilizunguka na kipande cha mbao ndani ya gunia), nikampelekea Fundi Odhiambo, anayetengeneza fremu za sofa na majeneza, mkono wake ni mzuri sana. Alitoka kwao upande wa ziwa kitambo, na amekaa Roret mpaka anatukanana Kikipsigis bila shida. Akakigeuza kitako mara mbili tatu, akapitisha kidole kwenye kile kibonde.

"Hapa pamelaliwa," akasema.

"Toa hapo," nikamwambia. "Ukate huu upande wote, kiwe sawa upande wa kulia."

"Karani, mimi mbao haijawahi nishinda. Lakini shingo yake itabaki nyembamba. Na hii nikishatoa, hakuna kurudisha, unaelewa? Uko sure?"

Nikasema niko. Nilisimama pale nikaangalia randa ikipita, na maranda ya kahawia yakianguka juu ya maranda meupe ya saiprasi, yakijikunja. Kulikuwa na harufu ya samli. Nilijua ni harufu ya nini, na sikumzuia.

Siku ikafika. Hema, viti, spika za kukodi, wali na nyama kwenye masufuria makubwa nyuma ya jiko, na pale juu ya mnara wa mbao tangi jeusi la maji ambalo kikundi cha akina mama wa kanisa kilimnunulia mama baada ya mazishi, kwa sababu hawezi tena kuteremka mtoni. Lilikuwa limejaa. Kwaya ilipangwa chini yake kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli.

Mwalimu Rono akaja akiwa mrefu kama mlango, akavua kofia, akamsalimia mama, akainama kwenye kitabu cha wageni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza hiyo. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake vizuri sana, bila haraka.

Nadhani hapo ndipo moyo wangu ulipoanguka, hayo mengine ulikuwa ni mwili tu unafuata. *Usiiguse. Nitaichukua vile iko.* Mtu wa mashoto, na mimi nimeshakata kila kitu alichokuwa anakitafuta. Nilikuwa na nafasi ya kumvuta kando, kumweleza, kuomba radhi. Lakini mchungaji alikuwa ameshamaliza sala, jiwe limefunguliwa, na chifu ameshika kipaza sauti anasema sasa mwana wa marehemu, kwa ombi la mama, atapiga mbili za heshima kama alivyokuwa anapiga mzee. Watu wakapiga makofi. Mama aliwekewa kiti mbele kabisa, akaelekeza sikio.

Nikapanda kwenye ukingo wa simenti wa kaburi ili nionekane (ufupi ni mtihani), nikaiweka bega la kulia, nikaelekeza juu. Ya kwanza ikatoka vizuri kabisa. Shavu halikuguswa. Nikasikia mama akisema wazi, "Hiyo moja," na watu wakanyamaza, na kwa nukta hiyo, wenzangu, nilikuwa na furaha ambayo sijui nitaipata tena wapi.

Ningengoja pumzi moja. Lakini kwa ile furaha nikageuka kidogo kumtazama mama, kisigino kikatoka kwenye ukingo, nikaenda nyuma, na kidole kikiwa bado kwenye kifyatulio. Ya pili ikalia nikiwa njiani kuanguka. Kitako kikagonga simenti kabla yangu, na pale shingoni, palepale alipopataja fundi, kikakatika.

Halafu ukaja mlio mwingine, wa maji. Zile chembe za risasi zilikuwa zimelipiga tangi ubavuni, na lilikuwa linatoa maji kwa matundu madogo mengi, kila moja na mshipa wake, yakitua kwenye kwaya na zile sare mpya. Akina mama walikimbia, mmoja akavuta waya wa spika, spika zikaanza kupiga kelele, na maji yakateremka taratibu mpaka jikoni na kuzima moto chini ya wali. Ninamshukuru Mungu hakuna aliyeumia, nalisema hilo kila siku. Chifu alikuwa ameshatoa simu kuwaita polisi, na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimekaa chini juu ya baba, nimeshika mitutu bila kitako, miwani iko kwenye maua. Mtoto wa jirani akacheka kwanza, kisha hema lote.

Mwalimu Rono hakucheka. Alikiokota kile kitako, akakigeuza, akapitisha kidole gumba palipokuwa na kibonde.

"Nani alichonga hii?" akauliza, polepole.

"Ni mimi, mwalimu. Nilipeleka kwa fundi."

"Miaka ishirini natafuta bunduki ya mashoto," akasema. "Baba yako aliwahi kuniruhusu kuishika mara moja." Alikuwa anataka kusema zaidi, lakini mama alikuwa ameshanyoosha mkono, akasema aletewe.

Akampa. Mama akakiweka magotini kama anavyoweka kibuyu, akakipapasa kuanzia mwisho kwenda juu, akafika pale, akapita, akarudi, akapita tena. Watu waliokuwa karibu wakaacha kucheka mmoja mmoja.

"Shavu la baba yako liko wapi?" akaniuliza.

Maji yalikuwa bado yanatoka, sasa kwa sauti ndogo.

Polisi walikuja wakachukua bunduki, vipande vyote viwili, na leseni yangu, na walichoniambia nilistahili. Kwa hivyo ule mwaka wote wa kufikiria niuze au nisiuze ukaishia hapo, hakuna cha kuuza wala cha kubaki nacho. Kikundi cha akina mama kilinisamehe tangi baada ya mimi kumnunulia mama jingine, ingawa la zamani hawakulitupa, waliliweka kando ya njia na mpaka leo watu wanawaonyesha wageni matundu.

Siku ya tatu nikaenda Roret. Nikamuuliza Fundi Odhiambo maranda yako wapi. Akaniangalia kama mgonjwa. Akasema maranda huchukuliwa na akina mama wenye vifaranga, ila kuna gunia moja bado halijachukuliwa, pole karani, habari tumeisikia. Nikalimwaga mlangoni pake, nikakaa chini, nikaanza kuchagua ya kahawia kutoka kwa meupe. Watu wa soko walipita wakanisalimia, wengine wakasimama kidogo. Nilikaa pale kutoka asubuhi mpaka chakula cha mchana kikapita, fundi akaniletea chai bila kuniuliza kitu, na nilichopata kilijaa kiganja kimoja, si zaidi. Nikafunga kwenye leso.

Mama alikuwa anaota jua nje. Nikamwekea leso mkononi. Akaifungua, akanusa, akaiweka usoni muda mrefu. Samli ilikuwa bado ipo.

"Kwa nini uliichonga?" akauliza.

Na mimi, mwanaume wa miaka arobaini na moja niliyetoka jandoni bila kucheza kope, nikasema, "Ilikuwa inaniumiza, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akafikiri. "Na lile jino?"

"Halikuwa jino."

Akaikunja leso taratibu, kona kwa kona, akaitia ndani ya nguo yake kifuani. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Ungeniambia," akasema. "Huyo mwalimu angepiga. Mimi nilitaka kusikia tu, weri. Macho yenyewe haya. Ningejuaje ni nani ameishika?"

Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitapanda tena kwenye ukingo wa kaburi la mtu yeyote. La pili ni gumu zaidi, lakini nalijaribu kila siku, na kituoni wameshanizoea: kikapu kikiniangukia mguuni nasema kimeniumiza, kiatu kikinibana nasema, kichwa kikiuma nasema. Akina mama wananicheka, wanasema karani siku hizi amekuwa mtoto. Nawaacha wacheke. Desemba iliyopita vijana walitoka jandoni na hakuna aliyepiga kitu, na mama alikuwa jikoni amesimamisha mwiko, anangoja.